Anatembea, picha "haina kitu", lakini vidole vinakufa ganzi: shingo ya kijana aliyejirusha gatini

"Daktari, shikamoo. Niko Lamu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Siku tisa zilizopita walikuwa wakijirusha gatini na wenzake jioni, maji yakikupwa, naye akaenda kichwa mbele akagota mchangani. Hakuzimia. Alitoka majini mwenyewe, akatembea hadi nyumbani. Usiku shingo ikakaza. Asubuhi tukampeleka kliniki, akapigwa picha moja ya ubavuni, tukaambiwa haina kitu, ni misuli tu. Akapewa dawa za maumivu na kola laini ya sponji. Sasa shingo bado inamuuma katikati kwa nyuma, na usiku vidole vya mikono yote miwili vinakufa ganzi na kuchomachoma. Bibi yetu anasema mshipa umepanda, aitwe mkandaji amnyooshe. Baba anasema angekuwa amevunjika asingetembea. Kwenda Mombasa kupigwa skani ni gharama, na tukiambiwa tena haina kitu, pesa zimekwenda bure. Je, ni kweli aliyevunjika shingo hawezi kutembea? Akandwe? Na ikiwa atahitaji kupasuliwa, si ndiyo atapooza kabisa?"

Marahaba, dada yangu. Nakupa kwanza la kufanya, maana maelezo yanaweza kusubiri na shingo ya mdogo wako haiwezi. Mkandaji asiitwe. Mtu yeyote asimvute, asimgeuze wala asimnyooshe shingo, hata kwa mafuta, hata kwa mkono mwepesi. Apumzike amelala chali kwenye godoro lisilobonyea, bila mto mrefu, na leo hii, si kesho kutwa, apelekwe hospitali ya King Fahd hapo hapo kisiwani akapimwe upya, avishwe kola ngumu badala ya ile ya sponji, na aandikiwe rufaa ya skani. Skani anaihitaji. Sisemi kwamba amevunjika. Nasema kwamba mpaka sasa hakuna aliyehakikisha kuwa hakuvunjika, na vidole vyake vinatoa ishara ambayo daktari wa mifupa haipiti hivi hivi.

Sasa nije kwa baba yenu, kwa heshima zote, kwa sababu asemayo nayasikia kila wiki hapa Malindi, na si kwa wazee peke yao. Wauguzi husema, na hata madaktari wachanga. Ukweli ni kwamba watu wengi waliovunjika shingo huingia hospitali kwa miguu yao. Shingo ina pingili saba. Katikati ya kila pingili pana tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji. Ndani ya mfereji ndimo unamopita ugwe, yaani ule uzi mnene wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Kinachompooza mtu ni ugwe kubanwa au kukatika. Mfupa kuvunjika ni jambo jingine. Na huko juu mfereji ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Katika pingili ya kwanza, madaktari hugawa nafasi kwa theluthi: theluthi moja inakaliwa na lile jino la mfupa linalopanda kutoka pingili ya pili, theluthi moja na ugwe, na theluthi iliyobaki ni nafasi tupu. Pingili hiyo ya kwanza ni kama pete. Ikipigwa kutoka juu hupasuka na vipande vyake kusambaa kwenda nje, mfereji ukazidi kupanuka. Mtu wa namna hiyo husimama, hutembea, hunywa chai, huku akishika kichwa kwa mikono miwili kama anayebeba mtungi. Amevunjika, na ugwe wake umesalimika. Kazi yetu ni kuhakikisha unaendelea kusalimika.

Chini zaidi, kwenye pingili ya tano na ya sita, nafasi hupungua. Na hapo ndipo anapoumia zaidi mtu aliyejirusha kichwa mbele.

Hebu fikiria kilichotokea pale gatini. Shingo ikiwa imetulia ina mpindo mdogo, na mpindo huo pamoja na misuli ndio unaomeza mshtuko. Mtu anayejirusha huinamisha kidevu kidogo na kunyoosha mikono. Mpindo unapotea, na zile pingili saba zinasimama wima kama nguzo. Utosi ukigota mchangani, kichwa kinasimama lakini kiwiliwili chote bado kinakuja, na uzito huo wote unaishukia nguzo ile. Kutoka urefu wa mita tatu, mtu hufika chini kwa mwendo wa kama kilomita 27 kwa saa. Maji ya kiunoni hayapunguzi mwendo huo kwa kiasi cha kumwokoa. Wewe ni mtu wa Lamu, hakuna haja ya mimi kukufundisha bahari: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo pale pale alipozama salama maji yakiwa yamejaa, saa sita baadaye panaweza kuwa pamebaki maji ya mapajani. Vijana huzoea mahali wakasahau kuuliza saa.

Nimelitaja hili kwa sababu namna mtu alivyoumia ni sehemu ya uchunguzi, tena sehemu kubwa. Mwaka 2001 madaktari wa Kanada walichapisha kanuni ya kuamua ni nani apigwe picha ya shingo baada ya ajali na nani asipigwe, ili watu wasipigwe picha ovyo na wengine wasiachwe. Kanuni hiyo hutumiwa na madaktari wa nchi nyingi hadi leo. Kwa mujibu wake, aliyefika miaka 65 hupigwa picha. Aliyeanguka kutoka mita moja au ngazi tano hupigwa picha. Aliyegonga utosi kwa kujirusha majini hupigwa picha. Anayehisi ganzi au kuchomachoma kwenye mikono au miguu hupigwa picha. Mdogo wako ana mawili kati ya hayo, na lolote moja lingetosha. Kipo pia kipimo cha Marekani cha mwaka 2000 chenye mambo matano, na moja kati ya hayo ni maumivu ya katikati kwa nyuma, juu ya mifupa yenyewe, inapobonyezwa. Umeniandikia "katikati kwa nyuma". Hilo nalo huenda analo.

Sasa vidole. Kati ya pingili na pingili hutoka neva, kushoto na kulia, jozi nane shingoni ingawa pingili ni saba, na kila jozi ina eneo lake. Ya tano hunyanyua bega. Ya sita hupeleka hisia kwenye kidole gumba. Ya saba hunyoosha kiwiko na kufika kidole cha kati. Ya nane hukunja vidole na hufika kidole cha mwisho. Neva moja ikibanwa upande mmoja, mkono mmoja ndio huzungumza. Mikono yote miwili ikianza kwa pamoja, mimi huacha kufikiria neva moja moja, nikaanza kuufikiria ugwe wenyewe: kwamba umetikiswa, au umevimba, au kuna kitu kinaugusa mtu anapolala na shingo ikalegea. Inawezekana kabisa kwamba ni mtikisiko mdogo na utapona wenyewe. Wengi hupona. Lakini ugwe uliotikiswa ndani ya shingo isiyoshika vizuri ni jambo ambalo sikubali likae kisiwani likisubiri.

Tuje kwenye ile picha moja iliyosemwa haina kitu. Eksirei ya ubavuni ni nzuri, lakini ina kikwazo kimoja: mabega. Kijana wa miaka 19 mwenye mabega ya kuvuta makasia hufunika pingili ya saba, mara nyingi na ya sita, na picha inatoka nyeupe tupu kule chini. Kwa hiyo picha yoyote ya ubavuni isiyoonyesha pingili zote saba na ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua hatuihesabu kuwa imekamilika. Kisha inatakiwa picha ya mbele, na nyingine inayopigwa mdomo ukiwa wazi ili kuona pingili ya kwanza na ya pili. Yeye amepigwa moja tu.

Kama mliondoka na filamu, ishike mbele ya dirisha asubuhi, mwanga ukipita nyuma yake. Tafuta chini ya fuvu: pingili ya kwanza ni ndogo kama pete iliyolazwa. Ya pili ina jino linalopanda juu. Kuanzia hapo ni kama vibweta vilivyopangwa, hesabu tatu, nne, tano, kwenda chini. Sikuombi utafute ufa, kazi hiyo si yako na ni rahisi kukosea. Nakuomba uhesabu tu. Ukiishia tano au sita, basi ile sentensi ya "haina kitu" inahusu sehemu tu ya shingo. Mwambie hivyo daktari atakayempokea, bila kuona haya.

Hata eksirei tatu zilizokamilika huacha mivunjiko mingine bila kuonekana, ndiyo maana siku hizi kwa mtu mwenye dalili kama za mdogo wako tunakwenda moja kwa moja kwenye skani ya CT, inayoukata mfupa vipande vyembamba kama mkate. CT inauona mfupa vizuri sana. Ugwe, diski na kano zinazofunga pingili haioni vizuri. Hizo ni kazi ya MRI, skani inayotumia sumaku. Kwa hiyo nakwambia mapema, usije ukaona umedanganywa: CT ikitoka safi na vidole bado vinachomachoma, huenda daktari akaomba MRI, na atakuwa na haki. Tena ipo hali ambayo mifupa yote ni mizima lakini kano zimechanika. Siku za mwanzo misuli iliyokaza hushika shingo mahali pake na picha ikapendeza. Wiki ya pili au ya tatu misuli inalegea, na pingili moja inaanza kuteleza juu ya mwenzake. Mdogo wako yuko siku ya tisa.

Kuhusu hofu ya pesa kwenda bure, naielewa, na siidharau. Lakini nitakuuliza hivi: "haina kitu" ikitoka kwenye picha iliyokamilika, pamoja na daktari aliyempima kwa mikono yake, si ndiyo itakayomvua kola, kumrudisha kazini na kumlaza usingizi mama yenu? Hiyo ndiyo thamani yake. Kabla hamjasafiri pigeni simu, ulizeni kama mashine inafanya kazi siku hiyo, maana nimeona familia ikifika na mgonjwa ikaambiwa fundi hajaja. Ulizeni pia kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, kama amesajiliwa na kama picha hiyo inalipiwa katika hospitali mtakayokwenda.

Daktari atakapompima, ningependa ujue anachotafuta, ili usishangae na ili ujue kama amepimwa kweli. Ataweka kidole kwenye mstari wa katikati, kuanzia nywele zinapoishia kisogoni, ashuke mfupa kwa mfupa mpaka ule unaojitokeza pale ukosi wa kanzu unapokaa. Huo ndio wa saba. Atauliza ni upi hasa unaouma. Maumivu ya pembeni, kwenye nyama, ni habari nyingine. Ya mfupani ndiyo tunayoyatafuta. Kisha atakwenda mikononi: panua vidole nisivibane, nyoosha kiwiko nikuzuie, kunja kiganja kwenda juu. Atamwambia akunje na kukunjua ngumi haraka haraka kwa sekunde 10. Kijana mzima hufikia mara 20 na zaidi. Atabofya ukucha wa kidole cha kati na kuuachia ghafla, huku akitazama kidole gumba. Gumba likijikunja lenyewe, pengine ugwe unalalamika. Atapima miguu, atamtazama akitembea kama hayumbi, na ataulizia mkojo na choo. Huenda akahitaji kupima hisia za sehemu za siri. Mwambieni mdogo wenu mapema kwamba hicho ni kipimo cha lazima, asione aibu akakataa.

Bibi yenu nina neno naye, nalisema kwa adabu. Mkono wa mkandaji nauheshimu. Mgongo uliochoka kwa kupakua mashua, kiuno kilichokaza, mguu uliolala, vyote hivyo mkandaji mzuri hutuliza. Nimekandwa mimi mwenyewe. Lakini ile anayoiita mshipa uliopanda, kile kigumu anachokisikia chini ya kidole pembeni mwa shingo, ni misuli iliyokaza kwa makusudi. Mwili umeifunga shingo ile kama mtu anavyofunga jahazi kwa kamba nne wakati wa dhoruba. Mkandaji akiilegeza kamba hiyo kabla hatujajua kilichovunjika ndani, anaondoa ulinzi pekee uliobaki. Na ule mtindo wa vinyozi wa kushika kidevu na kukigeuza kwa ghafla mpaka shingo ilie, huo siupendi hata kwa shingo nzima. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili hizo hizo. Ikichanika, mtu mzima aliyekwenda kunyoa anaweza kurudi na kiharusi.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, aliletwa mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini nje kidogo ya mji. Alikuwa ameanguka siku nne kabla. Alipelekwa kituo kimoja cha afya, akapigwa picha, akaambiwa ni mzima. Nyumbani alikandwa siku tatu. Siku ya nne asubuhi, kikombe cha chai kilimponyoka mkononi, kikavunjika, naye akacheka akidhani ni usingizi. Kikombe cha pili kikamponyoka pia. Shemeji yake akamleta kwa bodaboda, akiwa amekaa katikati ya watu wawili. Miguu ilikuwa na nguvu. Nilimwambia afunge vifungo vya shati lake, na nikamtazama akikitafuta kifungo cha kwanza kwa vidole visivyojua kilipo, akageuza kichwa chini ili akione, nikamzuia kidevu kwa mkono wangu. Filamu aliyokuja nayo ilikuwa inaishia pingili ya tano. Niliishika mimi pia, nikaitazama, nikairudisha kwenye bahasha. Mkubwa wangu wa kazi ndiye aliyehesabu, akaagiza picha nyingine. Ya sita ilikuwa imeteleza juu ya ya saba. Alipasuliwa Mombasa, mikono ikarudi kwa kiasi kikubwa ingawa si yote, na mnazi hakupanda tena. Tangu siku ile sijaipitisha picha ya shingo bila kuhesabu kwa sauti.

Sasa tuseme skani imefanyika. Ikitoka safi, na daktari akampima akaridhika, basi ni kano na misuli zilizovutwa, na hapo mambo yanageuka kabisa: kola inavuliwa, shingo inachezeshwa taratibu, anarudi kwenye shughuli zake kidogo kidogo. Watu hushangaa wakisikia hivi. Kola inayovaliwa wiki nyingi bila sababu hudhoofisha misuli na kurefusha maumivu. Parasetamoli, mazoezi anayofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, na uvumilivu. Wengi huwa wamepata nafuu kubwa ndani ya wiki kadhaa, na wachache hubaki na maumivu kwa miezi.

Ukionekana ufa katika mfupa ambao haujahama, na kano zimeshika, atavaa kola ngumu kwa wiki 6 hadi 12, usiku na mchana, akirudi kupigwa picha njiani kuona kama kitu kimesogea. Kola ngumu haifurahishi, hasa kwa joto letu. Mlifute jasho, na kila siku mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike huku mwingine akikagua ngozi ya chini ya kidevu na kisogoni, kwa sababu vidonda huanzia huko kimya kimya. Mivunjiko mingine ya juu huhitaji ile pete ya chuma inayofungwa kwenye fuvu kwa skrubu ndogo na kuunganishwa na fulana ngumu. Inatisha kuitazama kuliko kuivaa.

Na ikiwa pingili imehama, au kipande kinagusa ugwe, ndipo tunapofika kwenye upasuaji, na kwenye swali lako la mwisho. Hofu kwamba kisu ndicho kinachopooza imetoka mahali pa kweli. Watu walimwona jamaa akiingia chumba cha upasuaji na akatoka hawezi kusogeza miguu. Wasichoona ni kwamba wengi wa hao waliingia wakiwa wamekwisha kupooza. Upasuaji hauwezi kufufua ugwe uliokufa, na daktari anayekuahidi hivyo usimwamini. Unachofanya ni mambo mawili: kuondoa kinachobana, na kufunga pingili zisihame tena. Mara nyingi tunapita mbele ya shingo, pembeni mwa koo, tunatoa diski au vipande vya mfupa, tunaweka kipande cha mfupa mahali pake na kibamba cha chuma juu yake. Ugwe ukiwa umebanwa na mtu ameanza kupoteza nguvu, saa zina maana: ukifunguliwa ndani ya saa 24 nafasi ya kupona huwa nzuri zaidi kuliko ukichelewa. Hatari zipo, nisizifiche. Kumeza huwa kugumu kwa siku kadhaa, sauti inaweza kukwaruza, vidonda huweza kuingia vijidudu, na mara chache sana ugwe au mshipa wa damu huumia. Lakini kwa shingo iliyohama, kukaa bila kufanya lolote nako ni kuchagua, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Wazazi huniuliza kama baada ya kufungwa pingili ataweza kugeuza shingo. Karibu nusu ya kugeuka kushoto na kulia hutoka kwenye pingili mbili za juu kabisa. Zikifungwa mbili za chini, kama ya tano na ya sita, tofauti ni ndogo. Akitoa salamu mwisho wa sala ataona bega lake. Na kwa kuwa najua mtaniuliza: kwa sasa asirukuu wala asisujudu. Asali amekaa au amelala kwa kadiri ya uwezo wake, na kwa udhu asiinamishe kichwa. Imamu yeyote wa hapo mtaani atawaeleza kwamba mgonjwa ana ruhusa hiyo.

Ukimwona na lolote kati ya haya, msingoje asubuhi: mikono au miguu inapoteza nguvu, vitu vinamponyoka, anayumba akitembea, ganzi inapanda au inafika mapajani kwa ndani, mkojo hautoki au unatoka bila yeye kujua, anahisi kama umeme unashuka mgongoni akiinamisha kichwa, anashindwa kumeza, au pumzi inakuwa fupi. Hilo la pumzi ni la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu neva zinazoendesha msuli wa kupumulia hutoka shingoni hapo hapo, pingili ya tatu hadi ya tano.

Na wenzake wa gatini, waambie jambo moja wakati hili bado liko mioyoni mwao. Mwenzao akigota tena na akaelea bila kujisogeza, wasimburute kwa mkono wala kumtupa begani. Wamgeuze uso juu mara moja, maana pumzi inatangulia shingo. Mmoja abane kichwa na mabega pamoja visipishane, na kama anapumua wabaki naye majini mpaka uje ubao, hata ubao wa mashua au mlango uliong'olewa (asipopumua wamtoe mara moja), kisha wamwinue kwa pamoja, mwenye kichwa ndiye anayehesabu. Wakiwa nchi kavu wasimpe maji, wasimkalishe.

Safari yenyewe. King Fahd wakiamua avuke, na yeye hana udhaifu wowote, anaweza kwenda kwa boti hadi Mokowe na gari kuanzia hapo, akiwa na kola ngumu na amelala chali, siyo ameketi. Chagueni asubuhi kabla upepo haujapanda, hasa kama ni msimu wa kusi. Mlazeni nyuma ya boti, kwa sababu mbele ndiko chombo kinakopigwa na mawimbi, na mwambieni nahodha mapema kwamba ana mgonjwa wa shingo, apunguze mwendo. Kama mna uwezo wa ndege kutoka Manda, daktari awaandikie barua ya shirika. Garini kiti kilazwe chote, mtu mmoja akae nyuma ya kichwa chake, na taulo mbili zilizokunjwa ziwekwe kushoto na kulia kwa masikio. Akitaka kutapika, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga, kama gogo moja.

Filamu ya kwanza nendeni nayo, msiikunje. Andika kwenye karatasi saa ganzi ilipoanza, vidole gani, na dawa alizokwisha kunywa. Akishapimwa, niandikie tena unieleze wamehesabu pingili ngapi.